Mafuta ya ‘mti wa chai’ si ya mchai wa Kisii, na si ya kunywa

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI anayetoka Sotik kuelekea Kisii mjini huandamana na rangi ya kijani njia nzima. Kuanzia Chebilat, kupita Keroka hadi milima inayouzunguka mji, mchai umetanda kila upande, na kando ya barabara wachumaji wamebeba vikapu migongoni.

Si ajabu basi kwamba mkazi wa maeneo haya anapoona katika duka la vipodozi chupa ndogo ya kioo iliyoandikwa kwa Kiingereza jina ambalo kwa Kiswahili ni “mafuta ya mti wa chai”, huamini kuwa yamekamuliwa kutokana na majani aliyoyachuma mwenyewe alfajiri ya siku hiyo.

Fikra hiyo inaeleweka, lakini si ya kweli. Tena ina hatari yake. Kitu kinachodhaniwa kuwa chai hudhaniwa pia kuwa chakula, na anayekiona kuwa chakula hatahofia kukiacha mezani karibu na watoto, kukitia katika kikombe cha maji ya moto au kukipaka mtoto mchanga mwili mzima.

Ukweli ni kwamba mafuta haya ni sumu yakimezwa. Yakitumiwa kwa kipimo juu ya ngozi yana manufaa yaliyothibitishwa na utafiti, ingawa si mengi kama yanavyotangazwa. Makala haya yanaeleza asili yake, yanachoweza kufanya, yasichoweza, na jinsi ya kujikinga na madhara yake.

Mimea mitatu, jina moja

Chanzo cha mkanganyiko huu ni mimea mitatu ambayo majina yake yanakaribiana.

Wa kwanza ni mchai wenyewe, ambao wanasayansi huuita Camellia sinensis. Huu ndio unaokuzwa na wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda kama vile Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi na Tombe katika Kaunti ya Nyamira, na Ogembo, Nyamache, Kiamokama na Itumbe katika Kaunti ya Kisii. Shambani hupogolewa ili ubaki kimo cha kiuno. Ukiachwa, hukua na kuwa mti kamili wenye maua meupe.

Wa pili ni ndugu wa mchai, Camellia oleifera, unaokuzwa sana nchini China. Mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia, ambayo pia hupakwa kwenye nywele na ngozi. Mafuta haya huliwa bila madhara. Kwa Kiingereza, jina lake hutofautiana na lile la mafuta tunayoyazungumzia kwa neno moja tu: haya ni ya “mbegu” ya chai, yale ni ya “mti” wa chai. Neno hilo moja ndilo linalotenganisha chakula na sumu.

Wa tatu ndio unaohusika hapa. Jina lake la kisayansi ni Melaleuca alternifolia, na asili yake ni maeneo ya mwambao wa mashariki mwa Australia. Hauna udugu wowote na mchai. Jamaa zake ni mkaratusi, mpera na mkarafuu.

Mkazi wa Kisii au Nyamira anayetaka kuufahamu mti huu basi asitazame shamba la chai, bali mikaratusi iliyopandwa mabondeni na mipakani mwa mashamba. Na yupo jamaa wa karibu zaidi: ule mti wa mapambo unaopandwa katika nyua za shule na makanisa, wenye maua mekundu yanayofanana na brashi ya kuoshea chupa. Majani ya miti hii yakifikichwa kiganjani hutoa harufu kali inayofungua pua, kwa sababu ndani yake mna vifuko vidogo vya mafuta. Jani la mchai halina harufu hiyo wala mafuta hayo.

Jina la “mti wa chai” lilitoka kwa mabaharia wa nahodha Mwingereza James Cook. Katika karne ya 18, walipofika Australia na New Zealand, walichemsha majani ya miti ya jamii hii na kuyanywa badala ya chai. Kinywaji hicho kilisahaulika lakini jina likabaki.

Kutoka msituni hadi maabara

Wenyeji wa Australia wa jamii ya Bundjalung walikuwa wakitumia majani haya tangu zamani. Waliyaponda na kuyafunga juu ya vidonda, au kuvuta harufu yake walipobanwa na mafua.

Katika miaka ya 1920, mkemia wa mji wa Sydney, Arthur Penfold, aliyapima mafuta hayo na kutangaza kwamba uwezo wake wa kuua viini ulizidi mara 11 ule wa asidi ya kaboliki, dawa iliyokuwa ikitumiwa na madaktari wakati huo kusafishia vidonda. Baada ya hapo yakaanza kuuzwa.

Mafuta hayakamuliwi kama ya ufuta au alizeti. Majani na vitawi hutiwa katika tangi, mvuke wa maji ukapitishwa ndani yake, kisha mvuke huo hupozwa na mafuta yakaelea juu ya maji. Kilo 100 za majani mabichi hutoa takriban kilo moja au mbili za mafuta. Ndiyo maana chupa ndogo huuzwa ghali, na ndiyo maana pia walaghai huvutiwa na biashara hii.

Kinachoua viini hasa ni kemikali iitwayo terpineni-4-oli. Kiwango cha kimataifa cha ubora, kijulikanacho kama ISO 4730, huitaka kemikali hiyo iwe zaidi ya thuluthi moja ya mafuta. Kiwango hicho pia huweka kikomo kwa sineoli, kemikali ambayo imejaa katika mafuta ya mkaratusi. Mafuta yenye sineoli nyingi huenda yamechanganywa na ya mkaratusi, ambayo ni ya bei nafuu.

Utafiti unasema nini?

Ugonjwa uliochunguzwa sana ni chunusi. Mwaka wa 1990, madaktari nchini Australia walilinganisha jeli yenye asilimia 5 ya mafuta haya na dawa ya kawaida ya chunusi, benzoili peroksaidi ya asilimia 5, kwa wagonjwa 124. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Mafuta yalifanya kazi polepole zaidi, lakini waliolalamikia ngozi kukauka na kuwasha walikuwa wachache. Mwaka wa 2007, utafiti wa wagonjwa 60 nchini Iran ulionyesha kuwa jeli ya asilimia hiyo hiyo ilipunguza chunusi kuliko jeli isiyokuwa na dawa.

Msomaji azingatie kwamba kilichopimwa ni asilimia 5, si mafuta matupu. Kijana anayejipaka usoni mafuta yasiyochanganywa anatumia kipimo kilicho mara 20 ya kile kilichochunguzwa.

Ugonjwa wa pili ni kuvu wa katikati ya vidole vya miguu. Maradhi haya yanawahusu moja kwa moja wachumaji wa chai, ambao huingia shambani kukiwa na umande na kushinda ndani ya viatu vya mpira. Ngozi inayokaa katika unyevu na joto hulainika, ikapasuka na kuanza kuwasha, na kuvu wakapata makao.

Katika utafiti wa watu 158 uliochapishwa nchini Australia mwaka wa 2002, wagonjwa walipakwa kwa majuma manne mchanganyiko wenye nusu mafuta haya. Asilimia 64 walipona, ikilinganishwa na asilimia 31 ya wale waliopakwa kitu kisichokuwa na dawa. Hata hivyo, wachache waliotumia mafuta walipatwa na uvimbe wa ngozi uliowalazimu kuacha.

Haya yasimfanye mchumaji aache dawa za kawaida. Krimu ya klotrimazoli inapatikana katika maduka ya dawa, bei yake ni nafuu na ushahidi wake ni imara zaidi. Na hakuna dawa itakayofaa bila kuosha miguu jioni, kuikausha vyema katikati ya vidole, na kuanika viatu hadi vikauke kabla ya kuvivaa tena.

Ugonjwa wa tatu ni mba. Mwaka wa 2002, pia nchini Australia, watu 126 walishiriki katika uchunguzi wa shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta haya. Waliotumia shampuu hiyo kwa majuma manne walipata nafuu ya asilimia 41, huku wenzao wakipata asilimia 11.

Yasichoweza kutibu

Zaidi ya hapo, madai ni mengi kuliko ushahidi.

Mapunye ya watoto hayatibiwi kwa mafuta ya kupaka. Kuvu wa mapunye hukaa ndani ya shina la unywele, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki vyema. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza anayoandikiwa na mhudumu wa afya, nayo hutumiwa kwa majuma kadhaa. Mzazi anayempaka mwanawe mafuta mwezi baada ya mwezi humchelewesha, na nywele zinaweza kung’oka zisiote tena.

Upele nao hauishi kwa njia hii. Ni kweli kwamba katika maabara mafuta haya yameonekana kuua wadudu wa upele. Lakini tiba inayokubalika ni dawa kama benzili benzoeti au permethrini, na watu wote wa nyumba moja hupaswa kutibiwa kwa wakati mmoja. Akitibiwa mmoja peke yake, ugonjwa humrudia.

Kidonda kirefu, jipu, ngozi iliyoungua au kidonda cha mgonjwa wa kisukari si mahali pa kufanyia majaribio. Hayo ni ya kupelekwa hospitalini.

Sumu ndani ya chupa ndogo

Hatari kubwa kabisa ni kumeza. Katika miaka ya 1990, madaktari nchini Marekani walichapisha taarifa za watoto wawili wadogo, mmoja wa miezi 17 na mwingine wa miezi 23, ambao kila mmoja alimeza chini ya mililita 10 za mafuta haya. Hicho si kiasi kinachozidi vijiko viwili vya chai. Muda mfupi baadaye walilemewa na usingizi au kuchanganyikiwa, wakashindwa kutembea sawasawa. Walipona baada ya kutibiwa. Wengine, wakiwemo watu wazima, wamewahi kupoteza fahamu.

Kwa hivyo mafuta haya hayatiwi katika chai, hayalambwi kutuliza kikohozi, na hayafai kusukutulia ikiwa yanayesukutua anaweza kuyameza. Mama anayenyonyesha asiyapake kwenye chuchu, kwa kuwa mtoto atayaramba.

Ikiwa mtoto ameyameza, usimtapishe wala kumpa maziwa kwa nia ya “kuvunja sumu”. Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni na kuleta madhara makubwa zaidi. Mkimbize katika kituo cha afya kilicho karibu, na uibebe chupa ili mhudumu ajue alichokunywa.

Hatari ya pili ni mzio. Ngozi ya baadhi ya watu huyakataa mafuta haya: huwa nyekundu au nyeusi zaidi, huvimba, huwasha na kutoa malengelenge. Mzio ukishaanza, mtu huwa nao kwa muda mrefu, na kila akirudia kujipaka hali huwa mbaya zaidi.

Sababu kuu ya mzio ni mafuta yaliyozeeka. Yakipigwa na hewa, mwanga na joto, kemikali zake hubadilika na kuwa nyingine zinazochokoza ngozi. Chupa iliyoanikwa kwenye meza ya soko ikichomwa na jua tangu asubuhi, au iliyowekwa mwaka mzima chini ya paa la bati, huenda ikawa na madhara hata kama tarehe yake ya mwisho haijafika.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi kuna jambo jingine la kuzingatia. Ngozi yetu ikichubuliwa au kuvimba, mara nyingi huacha madoa meusi yanayoweza kudumu miezi mingi. Msichana anayetaka kuondoa chunusi tatu kwa mafuta makali anaweza kujipatia madoa yatakayomsumbua kuliko chunusi zenyewe.

Kuna pia taarifa iliyochapishwa mwaka wa 2007 katika jarida moja la kitabibu nchini Marekani kuhusu wavulana watatu walioota matiti baada ya kutumia vipodozi vyenye mafuta ya mlavenda, mmoja wao akitumia pia ya mti wa chai. Wataalamu wengine wameupinga uhusiano huo. Hata hivyo, ni busara kutoyatumia kwa watoto bila ushauri wa daktari, kwani faida kwao ni ndogo.

Jinsi ya kuyatumia

Anayeamua kuyatumia afuate hatua hizi.

Kwanza, yachanganye. Kijiko kimoja cha chai hujaa mililita 5, na matone 20 ya mafuta haya ni takriban mililita moja. Kwa hivyo tone moja katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi au ya alizeti ni kama asilimia moja, na matone matano ni kama asilimia 5. Kwa ngozi ya uso anza na tone moja au mawili. Usiyachanganye na maji, kwani hayayeyuki humo. Tone zima litatua mahali pamoja juu ya ngozi.

Pili, yajaribu. Paka kiasi kidogo cha mchanganyiko ndani ya mkono, karibu na kiwiko, na usubiri siku mbili. Pakiwasha, pakivimba au pakibadilika rangi, osha kwa sabuni na maji na usiyatumie tena.

Tatu, paka mahali penye tatizo tu, mara moja kwa siku mwanzoni. Yaepushe na macho, ndani ya pua, ndani ya masikio na sehemu za siri. Mwenye ukurutu asiyatumie, kwa maana ngozi yake tayari imepasuka na huchokozeka upesi.

Nne, yahifadhi vyema. Yabaki katika chupa yake ya kioo cheusi, kifuniko kikiwa kimekazwa, mahali penye kivuli na mbali na mikono ya watoto. Usiyahamishie katika chupa ya soda au ya dawa ya kikohozi. Andika tarehe uliyoifungua, na baada ya miezi 6 hadi 12 yaliyobaki yatupe. Yaweke mbali na jiko na koroboi pia, maana yanashika moto.

Tano, jipe muda. Chunusi huhitaji majuma sita au zaidi kuonyesha nafuu. Zikizidi, zikiwa na usaha mwingi au zikiacha makovu, muone daktari. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na ile ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira ni mahali pa kuanzia, na hata katika zahanati mhudumu anaweza kutambua iwapo ni chunusi, kuvu au mzio.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi asome chupa. Itafute jina la kisayansi, Melaleuca alternifolia. Ikiwa imeandikwa Camellia, hayo ni mafuta mengine kabisa. Ikiwa haijaandikwa chochote ila “mafuta ya chai”, iache.

Angalia nchi yalikotoka, tarehe ya mwisho ya matumizi na onyo kwamba si ya kumeza. Ikiwa bidhaa ina alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, unaweza kuhakikisha kwamba si ya kughushi kwa kutuma herufi SM, alama ya reli na nambari iliyo chini ya alama hiyo kwa ujumbe mfupi hadi 20023.

Na muuzaji akidai kwamba mafuta yake yanatibu saratani, kisukari na chunusi kwa pamoja, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuondoka.

Je, mkulima wa chai ana nafasi?

Nchini Kenya, mti huu hukuzwa na wakulima wadogo upande wa Laikipia, chini ya Mlima Kenya. Kwa hivyo si mgeni kabisa katika ardhi yetu. Lakini mkulima wa Kisii au Nyamira mwenye robo ekari asikimbilie kung’oa mchai wake. Mti huu hauna faida bila tangi la mvuke karibu, maabara ya kupimia ubora na mnunuzi aliyeweka sahihi kabla ya mche wa kwanza kupandwa.

Wala jani la mchai si maskini katika mambo ya ngozi. Mwaka wa 2006, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa kemikali za katekini kutoka chai ya kijani, kwa ajili ya kutibu chunjua za sehemu za siri. Hiyo ni dawa iliyotokana na mchai wa kweli, lakini ilipitia maabara na majaribio ya miaka mingi, na huandikwa na daktari.

Kwa sasa, jambo la maana kwa familia za eneo hili ni dogo na halina gharama. Chupa ile iliyoko kwenye kabati au juu ya meza, yenye neno “chai” katika jina lake, iondolewe mahali ambapo majani ya chai na sukari huwekwa. Iinuliwe juu, mbali na mtoto, na kila mtu nyumbani, kuanzia nyanya hadi yaya, aambiwe kwamba hiyo si chai.